Mawe ya Shilingi Kumi

Kemunto aliingia chumba namba nne
na kadi ya kliniki iliyokunjwa mara tatu,
na kitu kikigongana mfukoni mwa sweta
kama funguo za nyumba asiyotaka kuitaja.

Nilimpima mkono. Utepe ukatulia kwenye njano.
Nikavuta kope yake ya chini: weupe,
weupe wa kikombe kilichosuuzwa kupita kiasi.
Damu tisa na nusu. Mimba miezi mitano.

"Unakula nini?" nikauliza, kalamu tayari.
Akaitazama picha ya ukutani nyuma yangu:
samaki mzima, tufaha, glasi ya maziwa,
mama anayecheka kwa meno yote thelathini na mawili.
"Nakula vizuri."
Kila anayekalia kiti kile hula vizuri.
Picha hiyo imewafunza wengi kudanganya.

Nikainuka, nikaigeuza ikaangalia ukuta.
"Haya. Niambie jana tu. Ulipoamka?"

Chai ya rangi, andazi.
Mchana?
Chai.
Jioni ugali na sukuma, nyama vipande viwili,
vyote vya Ombaso, maana Ombaso yuko mjengoni,
na mtu wa mjengo halali na mchuzi mtupu.
Mayai je?
Akacheka. Mama mkwe alipiga simu toka Nyamira:
yai hunenepesha mtoto, mtoto mnene huita kisu.

Kisha akaushusha mkono mfukoni,
akaimwaga siri yake juu ya meza yangu:
odowa, mapande matano, rangi ya jivu,
shilingi kumi pale sokoni Kariobangi.
"Yananukia mvua inapogusa vumbi," alisema.
"Mume wangu anabeba mawe. Mimi nayala."

Ningemsomea ukurasa wa minyoo na sumu.
Nilimsomea, baadaye.
Kwanza nilimwambia ninayoijua harufu hiyo:
nilipombeba Mutheu nilijifungia choo cha wafanyakazi
nikiwa na koti jeupe mwilini, cheti ofisini
na jiwe shavuni.

Si uroho, Kemunto, wala hujarogwa.
Damu yako inaulizia chuma
na imeelekezwa nyumba isiyo yake.

Tukaigeuza kadi, tukapiga hesabu mgongoni.
Kumi kila siku, wiki ni sabini.
Sabini inamjua mama wa omena,
inalijua fungu la managu,
ikibaki, inajua na ndimu ya kukamulia juu.
Ndengu ziloweke usiku, zitakuokolea makaa.
Yai kalinunue kwa kijana wa kigari, na kachumbari;
kisu hakiitwi na yai.
Na chai, chai ni mgeni mzuri,
ila asiketi sinia moja na mboga,
huinyang'anya chuma mlangoni.
Mpe saa nzima, ndipo umkaribishe.

"Na nyama?" akauliza, polepole.
Hapo kalamu ilinitoka.
Hakuna kitabu nilichosomeshwa kinachosema
jinsi ya kukata vipande viwili mbele ya mtu mwenye njaa.
Nikamwambia, "Njoo naye."

Hakuja mwezi ule. Alikuja uliofuata,
vidole vyenye saruji, kofia magotini,
akanisikiliza kama mtu anayesomewa deni.
Mwishowe akasema, "Mbona hakuwahi kuniomba?"
Kemunto akaangalia viatu vyake.
Mimi nikaangalia viatu vyake.
Nje wanawake kumi na wanane walikuwa bado benchini,
na mmoja alikuwa anatapika kwenye ndoo.

Alipoondoka, alisahau, au hakusahau,
jiwe moja pembeni mwa meza.
Nikamwita. Akarudi, akalirudisha mfukoni.
"La kunusa tu, daktari."
Mimi si daktari. Nilimwamini nusu.

Kwenye kadi niliandika: damu, kumi nukta moja.
Utepe: kijani, kwa unyoya.
Kuhusu jiwe sikuandika kitu.